Ndege wa Kichakani na Shanga Zangu

Mjukuu wangu analipwa kutazama ndege. Nikisema hivyo kwenye bomba la maji hapa Kakuma, wanawake wenzangu hucheka mpaka mitungi inafurika. "Kutazama tu? Hamwali?" Hawaliwi. Anawaonyesha wageni, wageni wanafurahi, wanaenda zao. Mimi sikusoma, lakini msichana huyo nimemkuza kwa maziwa ya mbuzi wangu, na akitembea barabarani namtambua kwa ile shingo ndefu, yangu hiyo. Acha wacheke.

Kazi yenyewe ilikuwa karibu kumponyoka. Alikuwa Lodwar kwa majaribio, na mkubwa wake alimwambia hivi: kuna ndege mmoja mwimbaji kwenye vichaka vya mto Turkwel, wageni wa Jumamosi wanamtaka huyo. Mtafute. Ukiweza kuwaonyesha, kazi ni yako. Ukishindwa, kuna mwingine anaingoja.

Nilipofika kumtembelea, Jumamosi ilikuwa inabisha hodi.

"Ejok, ata," akanisalimu. Ata ndiye nyanya kwetu.

"Ejok. Mbona umekonda kama mbuzi wa kiangazi?"

"Namsikia kila asubuhi, ata. Ananiimbia hapa, hapa puani. Nikitazama, majani tu."

"Basi kesho twende wote."

Akaitazama shingo yangu. Shanga zangu zinaanzia mabegani zinapanda mpaka kidevuni, na nikigeuza kichwa zinasema.

"Ata, huwezi kuzivua? Asubuhi moja tu."

"Nizivue? Nani amekufa?"

Kwetu mwanamke huvua shanga zake akifiwa na mume. Anajua vizuri. "Babu yako yuko Kakuma anakunywa chai," nikamwambia, "na wewe unataka nimzike kwa ajili ya ndege?"

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Asubuhi akanizungushia shuka shingoni, akakaza, nikawa kama mgonjwa wa koo.

Mtoni jua lilikuwa limeshatoka, lakini chini ya mikoma na ile miti ya mathenge iliyosongamana kulikuwa bado na giza la ndani ya nyumba. Mimi nilitazama juu. Ndege ninaowajua hukaa kwenye ncha ya mwiba, wakujue na wewe uwajue.

"Chini, ata, chini!" akaninong'oneza. "Huyu hukaa chini kama kuku anayeatamia."

Tukaketi kwenye majani makavu. Kuketi naweza. Kunyamaza ndiko kulinitesa; nilikuwa na maneno mengi juu ya siafu walionipanda miguuni.

Halafu akaimba. Jamani. Sauti kama maji yanayomiminwa kwenye kibuyu, inakatika, inaanza tena. Ilitoka mbele yetu, au nilidhani mbele, na mjukuu akainua darubini yake akaielekeza huko, mabega yamekaza. Mimi nikasikia jani linageuzwa kando ya mguu wangu.

Alikuwa pale. Karibu, ningeweza kumtupia punje ya mahindi. Mgongo rangi ya udongo baada ya mvua, kifua cheupe chenye madoa meusi, na juu ya jicho mstari mweupe kama amepakwa kwenda ngomani. Angekuwa mbuzi, ningemchagua yeye katika kundi zima.

Na mjukuu wangu anatazama kwingine!

Nikamwelekezea midomo: yule, yule. Jicho lake limo ndani ya darubini, ataionaje midomo yangu? Nikisema, ndege anaruka. Nikimgusa, anaruka yeye. Tangu utotoni ukimgusa bila kumwita hupiga kelele kama amekanyaga makaa. Ndege akapiga hatua kuelekea mathenge. Akiingia mle, basi, kazi nayo imeingia.

Nikailegeza shuka polepole, ikateleza. Nikageuza shingo kidogo tu. Shanga zikasema: cha.

Mjukuu akanigeukia na macho ya kunichapa. Akaiona midomo yangu, akaifuata mpaka chini. Ndege naye alikuwa ameinua kichwa kutafuta kitu kilichosema cha. Akatutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, halafu akafungua mdomo akaimba palepale, na madoa ya kifuani yakitetemeka. Mjukuu akaishusha darubini magotini. Machozi yakamtoka, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Nikaacha viume.

Ndege alipoingia kichakani ndipo mjukuu aliposema, "Ata, nipe uzi mmoja wa shanga. Mmoja tu."

Uzi mmoja si msiba. Nikamfungulia ule mwekundu.

Jumamosi jioni, nimesharudi kwangu, simu ikalia. "Amekuja, ata! Nimeutikisa ule uzi mfukoni, akachungulia! Wageni wamemwona wote!" Nikapiga vigelegele hadi mbuzi wakatawanyika.

Mzee wangu alikuwa ameketi na kikombe chake, ananikagua shingo bila kuuliza tangu niliporudi. Sasa akauliza.

"Ule mwekundu uko wapi?"

"Anao mjukuu wako. Anautumia kumwita ndege."

Akanywa chai, akafikiri. "Nilidhani," akasema, "nimekufa kidogo."