Kumbukumbu za Nyumba ya Kamaludin

Kamaludin alistaafu kazi ya kompyuta huko Nairobi, akarudi Mji wa Kale kwenye nyumba ya marehemu mamake, akaishi humo peke yake. Mazoea yana taabu. Mtandao ulikatika kila siku, na umeme ukipotea ruta ilisahau yote yaliyotokea, basi akaamua kuyaandikisha mahali pamoja. Alikuwa na sanduku la diski, aina ya kompyuta ndogo, lenye picha za mama. Akaliagiza lipokee pia kumbukumbu za vyombo vyote vya nyumbani: nani kaingia mtandaoni, nani katoka, saa ngapi. Vyombo vyenyewe vilikuwa vitatu. Alimaliza kabla chai haijapoa, akaona haya, maana nyumba yenye watu ingemshughulisha siku nzima.

Siku ya nne akazisoma. Kila siku, saa saba na dakika hamsini mchana, simu moja iliingia, ikakaa nusu saa, ikatoka. Jina lake: Halim.

Abdulhalim ni nduguye mdogo. Ndiye aliyemuuguza mama humu, akamzika siku ile ile bila kumngoja kaka aliyekuwa njiani. Sheria ya dini ilikuwa upande wake, lakini uchungu hausikii sheria. Kamaludin alifika watu wamesharudi kutoka makaburini, akamwapiza matangani asikanyage kizingiti chake tena. Miaka miwili sasa. Simu haikuambiwa habari za ugomvi. Iliujua mtandao wa mama, ikawa yajiingilia.

Saa saba na nusu akashuka kungoja. Baraza tupu, jua kali. Alingoja mpaka saa nane, akapanda ngazi ameumia kuliko alivyodhani angeumia. Ndipo akakumbuka, fundi mzima, kwamba hakuliwekea sanduku majira ya Kenya. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa tatu.

Alipofungua mlango baada ya alasiri, Abdulhalim alikuwa ameketi barazani.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, kaka." Akainuka upesi. "Kizingiti sikukikanyaga. Nimekaa nje tu."

"Waja tangu lini?"

"Tangu ulipohamia. Nikitoka msikitini hupita nikapumzika kidogo."

Kamaludin akazifikiria alasiri zote alizokaa juu, madirisha kayafunga, akinywa kahawa peke yake.

"Mbona hukubisha?"

"Ningalibisha, ungalifungua?"

Kamaludin alijijua, asingalifungua; akapanda ngazi kuileta kahawa, na vikombe viwili.