Kapu la Bukoba

Juzi nilishuka bandarini Musoma, ndugu yangu, nikajuta. Majani yameota gatini, na kwenye ghala walikokuwa wakirundika marobota ya pamba sasa wanalala mbuzi. Mji umelipa ziwa kisogo. Unakua kuelekea Bweri, nyumba mpya kila kona, bodaboda zinapishana, na hakuna anayeuliza ulianzia wapi.

Mimi nilikulia humu enzi mji unaamshwa na honi ya meli. Ikilia, mwalimu anaongea peke yake, sisi sote macho dirishani. Wapagazi wanakimbia, mama lishe wanapuliza moto, na bibi yangu anafunga kapu lake la sato wakavu, wananukia moshi mpaka kwa jirani. Kapu lilikuwa la kumpelekea mdogo wake, aliyeolewa Bukoba. Mpishi wa meli alilibeba hadi Mwanza, mwenzake wa meli nyingine akalivusha hadi Bukoba. Lilirudi limejaa senene, wale panzi wa kukaanga, nasi watoto tukagombana nusura tutoane macho. Wale ndugu walisalimiana hivyo miaka yote, na kapu halikurudi tupu hata siku moja.

Kisha meli ikaacha kuja. Wakasema iko matengenezo, itarudi. Bibi akaamini, maana mji mzima uliamini. Hata habari zilipokuja kwamba mdogo wake anaumwa, na baba akamsihi apande basi, alikataa katakata.

"Basi linanitapishaga," alisema. "Meli inakujaga tu, we mtoto. Ngoja watengeneze, nitaenda na kapu langu."

Akaendelea kukausha samaki. Wakikaribia kuharibika tunakula sisi, yeye anakausha wengine. Siku jirani alipoleta simu kutoka Bukoba, bibi aliuliza neno moja tu: "Wamezika?" Walikuwa wameshazika. Alifungua kapu, akatugawia wale sato, na sikuwahi kula samaki wachungu kama wale. Yeye mwenyewe hakumaliza mwaka.

Sasa juzi pale getini mlinzi, kijana mdogo, akaniuliza nataka nini. Nikamuuliza habari za meli.

"Iko matengenezo, mzee," akajibu kwa upole. "Itakuja tu."

Nikapanda bodaboda kurudi kwangu. Kapu la bibi lipo jikoni, mke wangu anawekea vitunguu. Hata hiyo meli ikija leo, Bukoba sina tena mtu wa kumpelekea.