Doa la Palepale

Jirani yangu hapa Bondeni anasoma mwanga, na anausoma mchana, mlango wazi, huku mimi nikifua nguo za watu uani. Kalamu haitoki mkononi mwake. Akichoka anaitumbukiza mfukoni bila kifuniko, ndiyo maana kila blauzi yake ina doa la wino palepale. Aliniambia mwanga huo ni wa kwasa, kitu kinachowaka mbali kuliko nyota zote tunazoziona, na ukija kwetu unapita kwenye gesi inayozunguka galaksi. Gesi yenyewe haionekani. Inajulikana tu kwa kile kidogo inachokula kwenye mwanga, halafu mstari unaochora mwanga huo kwenye kompyuta unapata kijishimo. Wiki nzima amekuwa akifuta kijishimo kimoja chembamba, akinung'unika, "Huu ni uchafu wa mashine tu."

Jana nilimsikia akisonya. "Mathe, hii kitu imerudi tena! Na hii ni darubini ingine kabisa."

"Imerudi wapi?"

"Palepale."

"Basi si uchafu," nikamwambia, nikikamua shuka. "Uchafu huwa unaingia popote. Kitu ikirudi palepale, iko na mwenyewe."

Kidole chake chenye wino kikapanda polepole hadi kwenye kioo cha kompyuta, kikatua juu ya kile kijishimo. Kisha akacheka, kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni aliyemngoja sana.

Leo asubuhi ameniletea blauzi nyeupe. "Hilo la mfukoni," akasema, "liache tu."