Mama Ila na Mlango wa Fundi Randa

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena mtaani. Anaitwa Mama Ila, na hata wajukuu zake wamelizoea. Siku aliponisimulia maisha yake, katika sebule yenye viti vinne vya mbao na pazia lililofuliwa asubuhi ileile, alianza na ugomvi wa wazazi wake.

Hawakuwa wa kupigana. Walikuwa wa kununiana. Mama akiwa jikoni na baba kibarazani, mtoto wa kati, yaani yeye, ndiye aliyekuwa njia ya maneno. "Kamwambie baba yako chakula kimeiva, kama bado anajua kwake ni wapi." Mtoto akifika huko alisema, "Mama anakukaribisha mezani." Siku moja baba aliangua kicheko. "Mama yako hajasema hivyo tangu nimuoe. Hebu niambie, amesemaje hasa?" Mtoto akamweleza neno kwa neno. Baba akainuka, akaenda jikoni kuomba radhi.

"Nikajifunza," alisema Mama Ila, "kwamba habari ukiipaka asali mno, mwenye kidonda hapati dawa. Nawashukuru wazee wangu hata kwa manuno yao."

Ukubwani alifanya kazi kwenye ubao wa simu wa hospitali, akiwaunganisha wapigaji, kisha halmashauri ikamchukua awe kiungo cha miradi yake: apeleke habari za wahandisi kwa wakazi, na za wakazi kwa wahandisi. Huko alikutana na adabu yetu sote. Mtu akiulizwa hali hujibu salama, hata akiwa na homa. Lililo zito huja baadaye, nyuma ya neno "ila", na asiye na subira halisikii. Wengi waliondoka na ile "salama". Yeye alibaki. "Salama, ila?" aliuliza, kisha akanyamaza. Wachuuzi wakamcheka, wakampa jina.

Mradi anaoukumbuka kuliko yote ni wa daraja la waenda kwa miguu. Watoto walikuwa wakizunguka kwa barabara ya malori ili wafike shuleni, ng'ambo ya mto mdogo. Wakazi waliitwa mkutanoni, michoro ikabandikwa ukutani, na mwenyekiti wa mtaa akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Macho yote yakamgeukia seremala wa pale, Fundi Randa, kwa kuwa daraja lingeshukia mbele ya karakana yake. Akasimama, akasema, "Hakuna neno." Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akahesabu kuwa amekubali.

Mama Ila hakupiga makofi. Kesho yake, mashine ya kuchimba ikiwa tayari njiani, alimchukua mhandisi wakaenda karakana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hicho kiti kina mguu mgonjwa. Akikalie mhandisi, yeye ndiye msomi wa mizani."

Mhandisi alicheka, akakaa kwa tahadhari.

"Unalionaje daraja letu, fundi?"

"Zuri kabisa. Maendeleo hayo."

"Zuri, ila?"

Fundi Randa akachukua msasa, akasugua ubao uliokwisha kulainika zamani. Mhandisi alifungua kinywa; Mama Ila akamkanyaga mguu.

"Ila mimi ni mtu wa milango na vitanda," fundi alisema hatimaye. "Mbao zangu huingia humu zikiwa nzima. Ukuta wa daraja lenu ukisimama pale, ubao utageukia wapi? Nitabaki fundi wa vigoda."

"Mbona hukusema mkutanoni, mzee wangu?"

"Mbele ya mama zao wale watoto? Nisimame niseme mbao zangu zitangulie? Ningeonekana mtu gani?"

Mhandisi hakubishana. Alishika ncha moja ya ubao mrefu, fundi akashika nyingine, wakajaribu kuugeuza pale vilipopigwa vigingi vya ukuta. Ukakwama. "Tutausogeza ukuta," mhandisi alisema. "Lakini mchoro lazima uidhinishwe upya. Tutachelewa muhula mzima wa shule."

Mwenyekiti alishauri akina mama wasiambiwe mpaka watakapouliza wenyewe. "Subira yavuta heri," alisema.

"Hiyo si subira, mwenyekiti. Huko ni kujificha," Mama Ila alimjibu.

Alirudi kwanza kwa Fundi Randa kumwomba ruhusa ya kutaja sababu. "Itaje," fundi alijibu, "ila usinirembe." Jioni ileile Mama Ila alisimama kwenye lango la shule, akawaeleza akina mama kwa nini ukuta utasogezwa.

"Sasa, mama," alidakia muuza nguo mmoja, mwenye ulimi mkali kuliko wote, "daraja ni la watu au la mbao?"

"Ni la watu, na Fundi Randa ni mtu. Nimekuja mlisikie kwangu kabla ya kwingine: mtazunguka muhula mmoja zaidi. Mwenye tusi anitukane mimi."

Wakamtukana kidogo. Kisha wakauliza maswali. Aliyoyajua akayajibu, asiyoyajua akakiri kwamba hayajui na kwamba angerudi nayo. Palipotulia, yule muuza nguo akashusha pumzi. "Haya, tugawane zamu za kuwavusha watoto pale kwenye malori. Na huyo fundi aje pia. Si ana miguu?"

Akaja. Muhula mzima, kila zamu yake ilipofika, Fundi Randa alifunga karakana asubuhi, akasimama barabarani na kipande cha ubao alichokipaka rangi nyekundu, huku muuza nguo akimpigia kelele: "Kiinue juu, fundi, dereva hajakuona!"

"Wangeweza kumchukia," Mama Ila aliniambia. "Nawashukuru mpaka leo."

Daraja lilipofunguliwa, mwenyekiti alihutubia kirefu. Muuza nguo hakumsubiri amalize. Alikuwa ndani ya karakana, akimwagizia binti yake kitanda na kulalamikia rangi.