Nilimwambia Mzee Tramu Zilikuwa za Wote

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika kwa sababu nimeshindwa kulimeza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Johannesburg kazi yangu ni kutembeza wageni katikati ya mji. Tunasimama pale reli ya zamani ya tramu ilipochomoza kwenye lami, nawaeleza habari za mabehewa hayo ya abiria yaliyokuwa yakipita barabarani.

Bosi alinipangia maneno: tramu zilikuwa fahari ya jiji, kila mtu alipanda, baadaye wakubwa wakaamua kuleta mabasi. Nilijua ni uongo. Nilishasoma kwamba baraza la jiji la enzi zile liliwatengea weusi tramu chache tu, na njia nyingi likawakataza kabisa. Lakini bosi hataki wageni wanune.

Jumamosi moja alikuja mzee wa Soweto na mjukuu wake wa kike. Nilipomaliza, mzee akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona husemi nani alikatazwa? Mama yangu alikuwa dobi. Alibeba furushi la nguo za Wazungu kichwani, mimi nimeshika sketi yake, tramu inatupita."

Watu wote wakanigeukia. Eish, nikaogopa.

"Baba," nikasema, "tramu zilikuwa za wote. Labda umri unakuchanganya."

Wageni wengine wakacheka. Mjukuu akasema, "Babu yangu hajachanganyikiwa," akamshika mkono wakaondoka.

Baada ya wiki kadhaa yule binti akaniandikia. Babu yake haongei tena habari za mama yake. Kila akianza hukatisha, anauliza, "Au nilikosea?"

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mzee alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaseme palepale uliposemea."

Nikamwambia bosi nataka kusema ukweli. Hakupandisha hata sauti. "Kibali chako cha kazi kina jina la kampuni yangu. Sema unachotaka, halafu ukafunge mizigo."

Nina mke hapa, na wanangu wanasoma hapa. Kwa hiyo bado nasema yaleyale kila Jumamosi. Kwa mzee sijarudi. Nitamwambia nini?

Ndugu yangu unayesoma, uongo wa kazini ukatae siku ya kwanza, kabla hujawa na cha kupoteza. Na usimwambie mtu mzima kwamba hakuona alichokiona. Anaweza kukuamini.