Mama Mkwe Alivyomsikia Nyangumi

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu, na mimi na mama mkwe bado tulikuwa tunaongea kwa adabu nyingi mno. Mimi shikamoo, yeye marahaba mwanangu, kisha kila mtu na shughuli yake. Ndipo wakaja Mbegani watu wa kupima kama baharini panafaa kusimamisha minara ya upepo ya kuzalisha umeme. Walikodi boti ya mume wangu, yeye akiwa nahodha, na mimi na mama mkwe tukapata kazi ya kuwapikia. Mama alikubali upesi. Nadhani alitaka kuhakikisha simzidishii mwanawe chumvi.

Siku tuliyotoka bahari ilikuwa shwari. Tulipokwisha kugawa chai na bajia, mtaalamu wao, dada mchangamfu mwenye ushungi wa buluu, aliteremsha majini kinasa sauti kilichofungwa kwenye waya mrefu. Alisema kabla ya kujenga chochote wanataka kujua bahari ina sauti gani, wasije wakaiharibu bila kujua.

Akanivalisha hedifoni masikioni. Nikasikia mafuta yanachemka.

"Kuna mtu anakaanga bajia huku chini," nilimwambia.

Alicheka mpaka akashika ukingo wa boti. Kumbe ni kamba wadogo wa kwenye matumbawe, wanafyatua magando yao, maelfu kwa maelfu. Nimezaliwa Bagamoyo, nimeoga bahari hiyo tangu utotoni, na sikujua ina kelele kama jiko la mwezi wa Ramadhani. Nilitamani kumpigia simu kila ninayemfahamu.

"Hebu nipe na mimi," mama akasema.

Zilimkaa juu ya mtandio. Alisikiliza uso ameukaza, kisha akanitazama.

"Kuna ng'ombe."

"Ng'ombe, mama?"

"Analia. Hapana, sasa anaimba."

Yule dada aliinamia kompyuta yake, akaona mistari inapanda na kushuka. Akasema taratibu kwamba ni nyangumi, yuko mbali, hatungeweza kumwona. Msimu ule nyangumi hupita pwani yetu pamoja na watoto wao.

Mama akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Aliligeuza sikio moja la hedifoni kwangu, akanivuta, tukasikiliza shavu kwa shavu. Nyangumi akashuka na sauti nzito, akapanda na nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta, nasi tukazidi kucheka, hatujui hata tunachekea nini.

Mume wangu akadhani kazi imekwisha, akawasha injini. Nyangumi akapotea, na kamba pia. Ukabaki mngurumo mtupu.

"Zima," mama akamwambia. "Tuna mgeni."

Yule dada alitueleza kwamba nguzo za minara zikigongwa chini ya bahari, mshindo wake huushinda mngurumo wa injini ile kwa mbali. Nyangumi na pomboo hukimbia, wengine huweza kuumia masikio. Kwa hiyo wakijenga itabidi wagonge msimu ambao nyangumi hawapiti, na nguzo waizungushie pazia la mapovu ya hewa ili kelele ipungue.

"Na ikishasimama?" nikauliza.

Alisema nguzo huota chaza, na samaki hupenda kujificha hapo. Ila mvumo wa minara, samaki wa kwetu watauchukuliaje, hilo bado hawajui. Alilisema bila haya, nami nikampenda zaidi.

Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka harusini. Mama aliingia ukumbini, akakaa, akamwimbia baba mkwe wimbo mzima wa nyangumi, wa chini na wa juu. Baba alitoka nje kuangalia kama mfugo wa jirani umeingia uani.

Kuhusu minara, mpaka leo uamuzi haujatoka. Wapimaji walirudi tena baadaye, na mama alikuwa wa kwanza kupanda botini, ameshika hedifoni mkononi, sufuria ameniachia mimi.