Machujio Yaliyohama Mchana

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya redio pale Singida mjini, nilimwamkia Fundi Mkuu shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho. "Binti, hapa hatubahatishi. Unapima, ndipo unachoma." Kuchoma ni kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Nikasema moyoni, na huyu baba tutagombana. Na kweli.

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, redio mpya za bei rahisi zikajaa madukani, wateja wakatukimbia. Ofisi iliyomiliki karakana ikasema wazi: kazi ikikosekana, karakana inafungwa. Tulibaki wawili, na mimi nilikuwa na watoto wa kulisha.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja: spika za ukumbi wa parokia zilipiga yowe kila kwaya ilipopaza sauti. Kujua yowe limekaa kwenye sauti ipi kulihitaji mashine ya kupambanua sauti. Hatukuwa nayo, nikasema nitaiunda. Sauti unaipitisha kwenye machujio: moja linaruhusu nzito tu, jingine za kati, jingine nyembamba, na mengine ya katikati yake, kila moja na taa yake. Chujio lenyewe ni rezista, inayobana umeme, na kapasita, inayouhifadhi na kuuachia.

Kapasita niling'oa kwenye redio mbovu, zile za udongo. Asubuhi, na baridi yetu ile ya upepo, kila taa iliwaka kwa sauti yake. Mchana mabati ya paa yakachemka, taa zikawaka ovyo ovyo.

"Hii mashine au harusi?" Fundi Mkuu akauliza.

"Ni joto, mzee! Za udongo zikipata joto kipimo kinashuka, chujio linahama. Nataka za plastiki."

"Utazitoa wapi?"

"Sijui! Lakini karakana haifungwi kwa sababu ya bati."

Nilikuwa na hasira mpaka machozi yananilenga. Akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba redio yake ya nyumbani, ile ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuigusa, akaifungua mezani: ndani, kapasita za plastiki tupu.

"Ng'oa."

"Mzee, na taarifa ya habari je?"

"Ng'oa kabla sijabadili mawazo!"

Nikazifunga, tukaijaribu mashine ukumbini jua la saa saba. Kwaya ikapaza, yowe likalia, na taa ya nne ikang'aa kuzipita zote. Tukaipunguza sauti hiyo kwenye amplifaya, kile kikuza sauti, yowe likakoma. Jamani, nilipiga vigelegele mle ukumbini! Parokia nyingine zikatuita, mpaka Manyoni. Karakana haikufungwa, nami nilistaafia humo.

Vijana, leo simu inafanya kazi ile, na siwaonei wivu. Ila kitu kipimeni palepale kitakapofanyia kazi, msikipimie kivulini. Fundi Mkuu alikaa muda mrefu bila redio. Jioni nilikuwa namkuta amesimama dirishani kwa jirani, anasikiliza habari. Nikifungua mdomo kumshukuru, ananifukuza kwa mkono: "Nenda zako, binti, nasikiliza."